Parodi kwa Ruhusa: Utani, Biashara na Mipaka ya Dhihaka katika Filamu ya Spaceballs (1987)

Ikisiri

Makala haya yanachambua filamu ya vichekesho ya Spaceballs (1987), iliyoongozwa na Mel Brooks, ambayo ni parodi ya filamu mashuhuri za bunilizi ya kisayansi, hususan Star Wars (1977) na miendelezo yake miwili ya kwanza. Filamu hii imezoeleka kupimwa kwa namna inavyoigeuza simulizi ya Star Wars, na kwa kipimo hicho imeonekana kuwa nyepesi na iliyochelewa. Makala haya yanadai kwamba shabaha halisi ya dhihaka yake ni biashara iliyojengwa juu ya simulizi hiyo, na kwamba simulizi yenyewe inatendewa kwa upole. Kwa kutumia dhana ya parodi kama ilivyofafanuliwa na Linda Hutcheon (1985), ikioanishwa na dhana ya utani, makala yanaonyesha kuwa Spaceballs ni dhihaka iliyotolewa kwa ruhusa, na kwamba sharti la ruhusa hiyo liliwekwa mahali pale pale ambapo dhihaka ilikuwa kali zaidi. Hatimaye makala yanabainisha mambo ambayo dhihaka ya namna hii haiwezi kuyagusa.

1.0 Utangulizi

Spaceballs ilianza kuonyeshwa katika kumbi za sinema za Marekani mwezi Juni 1987, miaka kumi baada ya Star Wars ya George Lucas na miaka minne baada ya Return of the Jedi (1983), iliyofunga mfululizo wa filamu tatu za mwanzo. Mwongozaji wake, Mel Brooks, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926, alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa kazi za parodi. Katika mwaka mmoja tu wa 1974 alitoa Blazing Saddles, inayodhihaki filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, na Young Frankenstein, inayodhihaki filamu za kutisha za miaka ya 1930. Mwaka 1977 alitoa High Anxiety, inayoiga mtindo wa Alfred Hitchcock. Muswada wa Spaceballs aliuandika pamoja na Thomas Meehan na Ronny Graham.

Kisa cha filamu hii ni chepesi kusimulia. Sayari ya Spaceball, chini ya Rais Skroob, imefuja hewa yake yote. Watawala wake wanapanga kumteka Vespa, binti wa Mfalme Roland wa sayari ya Druidia, ili baba yake alazimike kutoa namba ya siri ya kufungulia ngao inayoilinda hewa ya sayari hiyo. Kazi hiyo wanakabidhiwa Dark Helmet, mtu mfupi mwenye miwani anayevaa kofia ya chuma kubwa kupita kiasi, na Kanali Sandurz. Vespa anaokolewa na Lone Starr, rubani wa kukodiwa anayeandamwa na deni, akisaidiwa na Barf, kiumbe aliye nusu mtu na nusu mbwa. Safarini wanakutana na Yogurt, mzee mdogo wa kimo mwenye hekima na nguvu za ajabu.

Mtazamaji wa Star Wars hapati taabu kuwatambua wahusika hawa. Dark Helmet ni Darth Vader. Lone Starr ni Luke Skywalker na Han Solo waliounganishwa katika mtu mmoja. Barf ni Chewbacca. Yogurt ni Yoda. Na mdai wa Lone Starr, Pizza the Hutt, ni Jabba aliyegeuzwa kuwa chakula. Pembeni mwa chanzo hiki kikuu kuna mwangwi wa Planet of the Apes (1968), Alien (1979) na mfululizo wa Star Trek. Kwa hiyo filamu hii ni uwanja mzuri wa kuchunguza mwingilianomatini katika sinema.

Hata hivyo, utambuzi huo rahisi ndio uliozaa lawama. Mhakiki Roger Ebert, alipoiandikia filamu hii ilipotoka, alisifu baadhi ya vichekesho vyake lakini akaona kwamba ingepaswa kutengenezwa miaka kadhaa kabla, wakati hamu ya kuidhihaki Star Wars ilipokuwa bado mbichi. Lawama hiyo ina mashiko iwapo shabaha ya dhihaka ni simulizi ya Lucas. Swali linaloongoza makala haya ni je, iwapo shabaha ni nyingine, kuchelewa huko bado ni udhaifu?

2.0 Parodi, Ruhusa na Utani

Katika makala haya parodi inachukuliwa kuwa kazi inayoiga kazi nyingine, au utanzu mzima, huku ikiigeuza kwa makusudi ili tofauti baina ya nakala na chanzo iwe ndiyo maana yenyewe. Hutcheon (1985) anaieleza parodi kuwa marudio yenye umbali wa kihakiki. Umuhimu wa maelezo yake ni kwamba hayailazimishi parodi kuwa na chuki dhidi ya chanzo chake. Mwigaji anaweza kukipenda anachokiiga. Hutcheon anakwenda mbali zaidi na kubainisha kitendawili cha parodi: inavunja kanuni, lakini uvunjaji huo ni wa kuruhusiwa, kwa sababu parodi haiwezi kuishi bila kanuni inayoivunja. Katika hoja hii anajenga juu ya mawazo ya Mikhail Bakhtin kuhusu karnivali, sherehe ambamo mnyonge humcheka mkubwa kwa muda uliowekwa, na sherehe ikiisha kila mmoja hurudi mahali pake.

Msomi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili kukielewa kitendawili hicho, kwa kuwa lugha yake ina neno linalokibeba, nalo ni utani. Utani ni uhusiano unaompa mtu haki ya kumdhihaki mwenzake bila kukasirikiwa. Upo baina ya babu na mjukuu, baina ya mtu na shemeji yake, na baina ya jamii na jamii, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani anaweza kusema msibani maneno ambayo yangemletea mtu mwingine ugomvi. Anaweza kumwigiza marehemu, kuzitaja tabia zake, hata kudai alipwe ndipo shughuli iendelee.

Sifa tatu za utani zina manufaa katika uchambuzi huu. Kwanza, mtani anamjua vizuri anayemtania, kwani dhihaka isiyo na ujuzi huwa ni tusi tu. Pili, mtani husema kweli ambayo wengine wameinyamazia. Tatu, utani una mipaka inayofahamika na pande zote mbili, na anayeivuka huacha kuwa mtani. Sifa ya tatu ndiyo inayotofautisha utani na tashtiti ya moja kwa moja, ambayo haimwombi ruhusa anayekosolewa.

Spaceballs ni utani kwa maana hiyo. Brooks ameeleza mara kadhaa, pamoja na katika kumbukumbu za maisha yake alizozichapisha mwaka 2021, kwamba alimwendea Lucas na kupata ridhaa yake, na kwamba Lucas aliweka sharti moja: zisitengenezwe wala kuuzwa bidhaa za Spaceballs, yaani wanasesere wa wahusika na vitu vya aina hiyo, kwa sababu vingefanana mno na vya Star Wars. Busara ya kuomba ridhaa inaeleweka zaidi ikikumbukwa kuwa uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani uliotamka kwamba hata parodi ya kibiashara inaweza kuhesabiwa kuwa matumizi halali ya kazi yenye hakimiliki ulitolewa mwaka 1994, miaka saba baada ya filamu hii.

Sharti hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Lucas hakukataza mhusika wake mkuu wa uovu afanywe kichekesho. Hakukataza falsafa ya Nguvu, ambayo ndiyo roho ya simulizi yake, igeuzwe kuwa mzaha wa nguvu iitwayo the Schwartz. Alichokikataza ni duka. Mpaka wa utani huonyesha mahali penye thamani, na hapa mpaka ulizungushwa kwenye bidhaa.

3.0 Mwigo wa Simulizi: Dhihaka Isiyouma

Ni kweli kwamba filamu hii inapoigusa simulizi ya Star Wars yenyewe, haiumi. Mfano wa kwanza ni ufunguzi wake. Star Wars ilianza kwa maandishi yanayopanda kuelekea mbali angani, kisha chombo kikubwa kikapita juu ya vichwa vya watazamaji kwa muda uliowashangaza watu wa 1977. Spaceballs inaanza vivyo hivyo. Maandishi yanaishia kwa kumwambia mtazamaji kwamba kama ameweza kuyasoma basi hahitaji miwani, na chombo kinapita, kinaendelea kupita, kinaonekana kufika mwisho na kumbe bado, hadi hatimaye nyuma yake kinaonekana kibandiko kama vile vya magari ya mitaani, kinachotangaza kuwa chombo hicho hakimfungii breki mtu yeyote. Mbinu iliyotumika ni kutia chumvi: kitu kile kile kinarefushwa mpaka fahari yake inageuka kuwa kero. Hata hivyo, anayecheka hapa anacheka kwa sababu aliwahi kushangaa. Kichekesho kinaheshimu mshangao wa kwanza.

Mfano wa pili ni ufunuo wa nasaba. Katika The Empire Strikes Back (1980), Vader anamfichulia Luke kwamba yeye ni baba yake. Katika Spaceballs, Helmet anamfichulia Lone Starr uhusiano mrefu unaopita kwa baba, kaka wa baba, mpwa, na binamu, kisha unaishia kwa mtu aliyewahi kuishi naye chumba kimoja. Lone Starr anapouliza hilo linawafanya wawe nani kwa nani, anajibiwa kuwa si chochote. Ni vema kutambua kwamba kichekesho hiki kimejengwa juu ya mfumo wa ukoo wa Kiingereza, ambamo kila hatua humweka mtu mbali zaidi. Kwa hadhira ya Kiswahili, kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na mtoto wa kaka yake ni mwanawe. Hatua mbili za kwanza zinaweza kumrudisha Lone Starr kwake mwenyewe. Mnyororo unakatika tu unapofika kwa yule mkaazi wa chumba kimoja. Kwa hiyo, tafsiri ya sehemu hii ikifuata maneno tu, itapoteza kichekesho kabla ya kufika mwisho wa sentensi.

Mfano wa tatu unatokana na kuyachukua maneno kama yalivyo. Askari walioagizwa kulipekua jangwa wanaonekana wakiburuta kitana kikubwa mchangani, kwa sababu kitenzi cha Kiingereza cha kupekua ndicho pia cha kuchana nywele. Namba ya siri ya ngao ya Druidia ni moja, mbili, tatu, nne, tano. Na Rais Skroob anapoisikia anashtuka, kwa kuwa ndiyo namba ya sanduku lake la safari. Vichekesho hivi vinafurahisha na vimepangwa kwa ustadi, lakini havisemi lolote kuhusu Star Wars. Vingeweza kuwekwa katika filamu ya kijeshi bila kubadilishwa.

Kwa ushahidi huu, wanaosema kwamba dhihaka ya simulizi ni nyepesi wamesema kweli. Isitoshe, Star Wars yenyewe ilikuwa imekusanywa kutoka vyanzo vingi, vikiwemo visa vya mfululizo vya Flash Gordon na filamu ya Akira Kurosawa ya The Hidden Fortress (1958). Kuidhihaki kwa kukosa uasilia kungekuwa kazi bure, na Brooks hakuifanya.

4.0 Hewa ndani ya Kopo

Dhihaka inaanza kuuma inapofika kwenye bei. Jambo la kwanza la kuzingatia ni chanzo cha mgogoro. Katika Star Wars, dola inataka kutawala galaksi. Katika Spaceballs, watawala hawana haja ya utawala wala imani. Wamekwisha kutumia hewa yao na wanataka ya jirani. Katika tukio moja la mwanzoni Rais Skroob anamhakikishia mtu kwa simu kuwa hakuna upungufu wowote wa hewa katika sayari yake. Mara baada ya kukata simu anafungua kopo na kuvuta pumzi kutoka ndani yake. Kopo hilo lina jina la kibiashara, Perri-Air, linaloiga maji ya chupa ya Kifaransa ya Perrier, ambayo yalikuwa alama ya watu wenye nazo katika Marekani ya miaka ya 1980.

Kopo hilo linabeba hoja nzima ya filamu. Hewa, ambayo kila kiumbe huipata bure, imegeuzwa kuwa bidhaa yenye nembo, na mtawala anayekana kuwepo kwa tatizo ndiye mnunuzi wake wa kwanza. Kinaya hapa si cha maneno tu. Kitendo cha kufungua kopo kinayakanusha maneno ya kwenye simu mbele ya macho ya mtazamaji, bila mhusika yeyote kueleza.

Kichekesho cha kuuza kitu kitupu kina mwenzake katika historia ya Star Wars. Lucas alipokuwa akijadiliana na studio ya 20th Century Fox kuhusu filamu yake ya kwanza, alijibakizia haki za bidhaa na za miendelezo, haki ambazo wakati huo hazikuonekana kuwa na thamani kubwa. Filamu ilipotoka na kupendwa kuliko matarajio ya watu wote, kampuni ya Kenner, iliyopewa leseni ya kutengeneza wanasesere, haikuweza kuwatengeneza kwa wakati. Kwa ajili ya Krismasi ya 1977 iliuza bahasha ya kadibodi yenye hati ya ahadi: wanasesere wangetumwa kwa posta mwaka uliofuata. Wazazi walinunua ahadi, na watoto walipokea kadibodi.

Si lazima kudai kwamba kopo la Perri-Air liliundwa kwa kuilenga bahasha hiyo. Inatosha kuona kwamba kopo na bahasha ni vitu vya mantiki moja. Katika hali zote mbili kinachouzwa ni jina lililochapishwa juu ya chombo, na kilichomo ndani kinaweza kusubiri. Brooks alihitaji muda ili mantiki hiyo ionekane wazi kwa hadhira ya kawaida. Mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya Star Wars, Ernie Fosselius alitoa filamu fupi ya Hardware Wars, ambamo pasi na vibaniko vya mkate vinapita angani badala ya vyombo vya vita. Parodi hiyo ya mapema ililenga kilichokuwa kipya wakati huo, yaani fahari ya picha. Kufikia 1987 fahari ya picha ilikuwa imezoeleka, na jambo lililokuwa limeenea katika vyumba vya watoto wa Marekani lilikuwa bidhaa. Kwa mtazamo huu, kuchelewa ambako Ebert alikuona kuwa kasoro ndiko kulikoiwezesha filamu kuiona shabaha yake.

5.0 Duka la Yogurt na Mchezo wa Helmet

Tukio linalothibitisha hoja hii kwa uwazi zaidi ni lile la makao ya Yogurt. Lone Starr na wenzake wanafika mbele ya mzee mwenye hekima wakitarajia mafundisho. Katika The Empire Strikes Back, Luke alifika kwa Yoda na kufundishwa subira na kujitawala. Yogurt naye anaulizwa anafanya nini mahali pale, na jibu lake ni kufungua ukuta ulioficha rafu za bidhaa. Anazionyesha moja baada ya nyingine: fulana, kitabu cha kupaka rangi, kikasha cha chakula cha mchana, nafaka za kifungua kinywa, hata mtambo wa kurusha moto anaosema unapendwa na watoto, na mwisho mwanasesere anayefanana naye mwenyewe. Anaeleza bila kuficha kwamba hapo ndipo fedha halisi ya filamu inapopatikana.

Muundo wa tukio hili una uzito kuliko orodha ya bidhaa. Hekima ya mwalimu imewekwa mahali pa siri ya biashara, na siri hiyo inatolewa kwa sauti na heshima ile ile ya mafundisho. Mtazamaji anaongozwa kuuliza kama mafundisho ya Yoda nayo hayakuwa tangazo lililovaa kanzu ya mwalimu. Swali hilo ni kali, na ndilo ambalo mwigo wa simulizi katika sehemu ya tatu haukuthubutu kuliuliza.

Ukali huo unazidishwa na mgawanyo wa wahusika. Brooks mwenyewe ndiye anayeigiza Yogurt, na ndiye pia anayeigiza Rais Skroob. Jina la Skroob limeundwa kwa kuzipanga upya herufi za jina Brooks. Hivyo mwongozaji yupo upande wa mwizi wa hewa na upande wa mwalimu muuza fulana kwa wakati mmoja, na jina lake limebandikwa kwa yule mwovu zaidi. Mtani mzuri hujitania pia. Kwa kujiweka pande zote mbili, Brooks anakataa kujifanya msafi anayeikosoa biashara ya sinema kutoka nje. Alikuwa akitengeneza filamu ya studio ya MGM iliyogharimu zaidi ya dola milioni 20.

Tukio la pili linalofaa kuwekwa sambamba na hilo ni la Dark Helmet akiwa peke yake chumbani. Anacheza na wanasesere wa wahusika wa filamu, akiwapa sauti, na katika mchezo wake mwanasesere wa Vespa anaanguka katika mapenzi na mwanasesere wa Helmet. Kanali Sandurz anaingia ghafla, na Helmet anataharuki kwa aibu na kumuuliza kama amewaona wanasesere. Kwa juu juu, hiki ni kichekesho cha mtu mzima aliyekamatwa akifanya mambo ya kitoto. Kwa undani, ni picha ya mtazamaji mwenyewe. Mamilioni ya watoto walikuwa wameicheza Star Wars sakafuni kwa namna hiyo hiyo, wakibadili mwisho wa hadithi wapendavyo. Filamu haiwacheki kwa ubaya. Helmet anaonekana mwenye kuhurumiwa zaidi katika dakika hizo kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mwanasesere amempa ushindi ambao hadithi imemnyima.

Hapa sharti la Lucas linaonyesha maana yake yote. Wanasesere anaocheza nao Helmet, na bidhaa zilizojaa rafu za Yogurt, hazikuwepo madukani. Mtazamaji aliyetoka ukumbini mwaka 1987 akitaka kununua kikasha cha chakula chenye nembo ya Spaceballs hakukipata. Filamu inayotangaza kwa sauti kubwa kwamba biashara ya bidhaa ndiyo shabaha ya sinema ilikuwa ni filamu iliyokatazwa biashara hiyo. Katazo lililokusudiwa kulinda soko la Star Wars liliipa parodi usafi ambao isingeweza kujipatia yenyewe. Laiti bidhaa hizo zingeuzwa, duka la Yogurt lingekuwa tangazo la kweli lililojificha ndani ya mzaha. Kwa kuwa hazikuuzwa, lilibaki kuwa dhihaka.

6.0 Kaseti Inayojitazama

Biashara ya sinema katika miaka ya 1980 haikuishia kwenye wanasesere. Kaseti ya video ilikuwa imeifanya filamu kuwa kitu cha kununuliwa, kuwekwa rafuni na kurudishwa nyuma. Spaceballs inaigusa hali hii katika tukio ambalo, kwa ubunifu, huenda ndilo bora zaidi katika filamu nzima. Helmet na Sandurz wamewapoteza wakimbizi wao. Sandurz anapendekeza watafute kaseti ya Spaceballs yenyewe, kwani teknolojia mpya inawezesha kaseti kuwepo madukani kabla filamu haijakamilika. Wanaipata, wanaikimbiza mbele, na inapofika mahali pa wakati ule ule, wanajiona wenyewe kwenye skrini wakijitazama. Helmet anageuka, na sura yake kwenye skrini inageuka. Anauliza wanatazama nini, na majibizano yanayofuata juu ya sasa na wakati ule yanawatia wote wawili kizunguzungu.

Tukio hili huweza kusomwa kama mzaha wa kifalsafa kuhusu wakati, na kusoma huko si kosa. Lakini chanzo cha kizunguzungu hicho ni biashara. Wakati umejipinda kwa sababu soko limeitangulia kazi ya sanaa: kaseti imetoka kabla ya filamu kwisha, kama ambavyo bahasha ya Kenner ilitoka kabla ya mwanasesere kuwepo. Wahusika wanaweza kuusaka mwisho wa hadithi yao rafuni kwa sababu hadithi imekwisha kuwa bidhaa wakati wao bado wanaiishi.

Matukio mengine ya kuvunja ukuta baina ya hadithi na utengenezaji wake yanaunga mkono usomaji huu. Askari wa Spaceball wanadhani wamewakamata mashujaa, kumbe wamewakamata waigizaji mbadala wa matukio ya hatari. Katika pambano la mwisho Helmet anampiga mmoja wa wafanyakazi wa kamera kwa bahati mbaya. Kila mara mtazamaji anakumbushwa kuwa nyuma ya galaksi kuna kiwanda chenye wafanyakazi. Naye Yogurt, anapoagana na Lone Starr, anatumaini watakutana tena katika mwendelezo ambao jina lake linataja waziwazi kwamba lengo ni kutafuta fedha zaidi. Katika utanzu ambao miendelezo hutangazwa kama wito wa hadithi yenyewe, kutamka sababu hiyo ni kusema kweli iliyonyamaziwa, na hiyo ndiyo kazi ya mtani.

7.0 Mipaka ya Dhihaka

Kuitetea filamu kwa namna hii hakumaanishi kuifumbia macho. Utani una mipaka, na mipaka ya Spaceballs inaonekana katika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni mpangilio wa jamii ndani ya hadithi. Lone Starr anampenda Vespa lakini hawezi kumwoa kwa kuwa yeye si mwana wa mfalme. Filamu ingeweza kuidhihaki sheria hiyo. Badala yake, inafichua mwishoni kwamba Lone Starr ni mwana wa mfalme tangu kuzaliwa, na ndoa inafungwa. Tatizo la tabaka limetatuliwa kwa damu, kama katika ngano za zamani na kama katika Star Wars, ambamo kijana wa shambani anagundulika kuwa mtoto wa mtu mkubwa. Deni lake nalo linafutika kwa kifo cha mdai wake, kinachotangazwa kwa taarifa ya habari.

Sehemu ya pili ni mhusika wa kike. Vespa amejengwa juu ya sura iliyokwisha kukaririwa katika utani wa Wayahudi wa Marekani, ya binti wa tajiri aliyedekezwa. Brooks, ambaye ni Myahudi, ana haki ya mtani katika kuitumia sura hiyo. Lakini ushujaa wake mkubwa, pale anapoichukua silaha na kuwaangusha maadui wote, unasababishwa na risasi iliyounguza nywele zake. Princess Leia wa 1977 alichukua silaha kwa sababu waokoaji wake hawakuwa na mpango. Kwa kipimo hiki parodi imerudi nyuma ya chanzo chake.

Sehemu ya tatu inahusu hewa yenyewe. Chombo cha Spaceball kinageuka kuwa mfanyakazi wa ndani wa kike mwenye mashine ya kufyonza vumbi, kinaifyonza hewa ya Druidia, na Lone Starr anaokoa sayari kwa kuugeuza mwendo wa mashine ili iipulize hewa irudi ilikotoka. Hali imerudi kama ilivyokuwa. Sayari iliyofuja hewa yake haipati fundisho, na kichwa cha chombo kilicholipuka kinaangukia ufukweni mbele ya nyani waliopanda farasi, kwa mwigo wa Planet of the Apes. Filamu ile ya 1968 ilifunga kwa shutuma nzito dhidi ya binadamu walioiharibu dunia yao. Spaceballs, ambayo ilikuwa na kisa cha uharibifu wa namna hiyo mkononi, inaitumia picha ile kuchekesha tu na kuipita.

Mipaka hii mitatu ina asili moja. Mtani haubomoi ukoo anaoutania. Spaceballs inaweza kumweleza mtazamaji nani anafaidika na hadithi, lakini haiwezi kuihoji haja ya hadithi hiyo, kwa sababu yenyewe inaihitaji ili isimame. Hutcheon alikwisha kuonya kuhusu jambo hili: uvunjaji wa kuruhusiwa huithibitisha kanuni hata pale unapoicheka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Spaceballs inapimwa isivyo haki inapotazamwa kama dhihaka ya simulizi ya Star Wars peke yake. Simulizi hiyo inatendewa kwa upole wa mtu anayeijua na kuipenda. Dhihaka yenye uzito imeelekezwa kwenye kopo la hewa, duka la mwalimu, mwanasesere wa mwovu na kaseti iliyotangulia filamu, yaani kwenye hatua mbalimbali za kuigeuza hadithi kuwa kitu cha kuuzwa. Dhihaka hiyo isingeeleweka vema mwaka 1978, na kwa sababu hiyo kuchelewa kwake ni sehemu ya maana yake.

Imeonyeshwa pia kuwa dhana ya utani inaeleza jambo ambalo dhana ya parodi peke yake inaliacha nusu. Parodi huelezwa kwa uhusiano wa matini na matini. Utani huongeza uhusiano wa watu, ruhusa waliyopeana na masharti yake. Katika kazi hii sharti liliangukia bidhaa, na kwa kuangukia hapo liliithibitisha hoja ya filamu kwa ushahidi ambao filamu yenyewe isingeweza kuutoa: aliyeruhusu kila kitu kichekwe hakuruhusu kitu kimoja kiuzwe. Utafiti wa parodi katika sinema na katika fasihi utanufaika iwapo utauliza, pamoja na kipi kimeigwa, nani alitoa ruhusa na ni kitu gani alichokibakiza.